Maprintauti yanakula bajeti ya ofisi, mjumbe wa bodi kaja na wazo la mikrofilamu. Tunaokoa hela au tunapigwa?

Mhasibu_wa_Ilala

Wakuu salaam.

Nipo kwenye saccos ya watumishi hapa Dar, jina sitaji maana humu wamo. Picha inaanza hivi, kila mwisho wa mwezi mfumo wetu unatoa taarifa za wanachama wote, akiba, mikopo, marejesho, makato yaliyotoka kwa mwajiri, na kila mtu anataka nakala yake. Uhasibu nakala, mikopo nakala, mkaguzi wa ndani nakala, meneja nakala, na moja inaenda stoo "kwa kumbukumbu". Tona haikai, rimu zinaingia kwa maboksi, boksifaili zimejaa mpaka chumba cha mikutano tumekikata nusu kwa makabati. Sasa hivi tumekodi stoo nyingine nje ya ofisi na kodi yake inauma kila mwezi.

Juzi kwenye kikao mjumbe mmoja wa bodi, aliwahi kufanya kazi benki zamani, akasema enzi zao haya mambo yalishamalizwa na mikrofilamu, yaani kurasa zinapigwa picha ndogo sana kwenye filamu, chumba kizima cha makaratasi kinaingia droo moja. Kesho yake akaleta karatasi ya dalali anayeuza kamera ya mikrofilamu na mashine tatu za kusomea, eti zimetoka Ulaya bado nzima kabisa. Vijana wa IT wakacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, maana bei ya karatasi naijua mimi.

Wanaojua naomba mnipe shule, ilikuwa inaokoa hela kweli au ni stori za wazee tu?

DogoWaServa

Mkuu hivyo ni vitu vya makumbusho. Skani kila kitu, weka klaudi, maisha yaendelee. Na huyo mjumbe wenu chunguza ana chake kwa dalali, nimemaliza.

Nakaa_Pale

Ngoja nikae hapa nisubiri madini.

MzeeWaTepu

Dogo punguza kidogo, tuwekane sawa kwanza ndio tucheke.

Mhasibu, mjumbe wako hajadanganya, ila yeye anazungumzia kitu kimoja na dalali anauza kingine, na hapo ndipo mtakapopigwa. Mikrofilamu za ofisini zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ni kamera inayopiga picha karatasi ambayo tayari ipo. Hiyo ya zamani sana, mtu wa benki New York anaitwa George McCarthy ndiye aliyeitengeneza ya kupiga hundi, akapata hataza 1925, Kodak wakaichukua wakaanza kuiuza 1928 kwa jina la Recordak. Enzi hizo benki za kule zilikuwa zinarudisha hundi kwa mteja baada ya kulipa, sasa mteja akija kubisha benki haina ushahidi wowote, ndio wakawa wanaipiga picha kabla haijatoka mlangoni.

Ya pili ndiyo iliyoua maprintauti. Kompyuta inatoa taarifa kwenye tepu ya sumaku, tepu inawekwa kwenye mashine ya kurekodi, mashine inaandika zile kurasa moja kwa moja kwenye filamu kwa mwanga, yaani hakuna karatasi hata moja iliyozaliwa. Hizi zilishika kasi miaka ya 1960 na 1970, benki, bima, mashirika ya umeme, mashirika ya ndege huko Ulaya na Marekani ndio walikuwa wateja.

Sasa kamera ya dalali ni ile ya kwanza. Maana yake mtaprinti kama kawaida, halafu mtaajiri kijana wa kusimama anapiga picha karatasi moja moja, halafu mtasafisha filamu kwa dawa, halafu mtachoma karatasi. Gharama ya kuprinti iko pale pale na umeongeza nyingine juu yake. Kwa kupunguza stoo sawa, kwa kupunguza maprintauti hapana.

Mhasibu_wa_Ilala

Shikamoo mzee. Hapo umenifungua macho, hakuna aliyeuliza hilo swali kwenye kikao. Hebu shuka na hesabu, hiyo ya pili ilikuwa inaokoa wapi hasa?

MzeeWaTepu

Marahaba. Mimi miaka ya 80 nilikuwa kwenye wakala mmoja wa meli hapa mjini, makao makuu yako ng'ambo, walikuwa wanatutumia mikrofishi kwa ndege ndani ya bahasha. Fishi ni kipande cha filamu cha milimita 105 kwa 148, saizi ya postikadi. Ile ya kompyuta iliyopunguzwa mara 48 inabeba kurasa 270, safu 15 kwenda chini na nguzo 18 kwenda pembeni. Ya mara 42 inabeba 208. Ile ya kupiga karatasi kwa kamera, mara 24, inabeba 98 tu.

Chukua mfano, ripoti ya kurasa 5,400 inatakiwa nakala 6. Kwa karatasi ni 32,400, hizo ni rimu 65 kasoro kidogo, rimu ya A4 gramu 80 ni kilo 2 na nusu kwa hiyo ni kilo 160 na ushee, kila mwezi. Kwa fishi ripoti nzima ni vipande 20, mara nakala 6 ni vipande 120, unavishika kwa mkono mmoja. Muda nao, ile printa maarufu ya IBM 1403 iliyokuwa na kasi kuliko wenzake ilikuwa inapiga mistari 1,100 kwa dakika, ukurasa una mistari kama 60, hiyo ripoti inachukua karibu masaa 5, na ukitaka nakala unaweka karatasi za kaboni katikati, ya nne hata haisomeki mnaanza kubishana ile ni tatu au nane. Halafu aje mtu wa kutenganisha kaboni na kukata pembeni kule kwenye matundu, mikono myeusi mpaka kwenye kola ya shati. Mashine ya kurekodi filamu ilikuwa mara kumi na zaidi ya hapo.

Lakini sikiliza hapa Mhasibu maana ndio moyo wa jambo. Nakala ya kwanza ya filamu haikuwa rahisi. Mashine bei yake ilikuwa ya kutisha, filamu yenyewe ina madini ya fedha, kuna madawa, kuna fundi. Ofisi nyingi hata hazikununua, walikuwa wanapeleka tepu kwa kampuni ya kuwafanyia kwa malipo. Hela ilikuwa inaokolewa kwenye nakala ya pili na kuendelea, kwa sababu nakala zinatolewa kwenye filamu ya diazo ambayo ni senti chache, inasafishwa kwa hewa ya amonia, ukiingia kile chumba pua inakuchoma, na kwenye posta na kwenye nafasi ya kuhifadhia. Ofisi yenye ripoti kubwa, nakala nyingi, matawi mengi, na wanaoifungua mara moja moja tu, hao waliokoa hela. Ofisi yenye nakala moja ambayo karani anaishika kutwa nzima anaandika pembeni kwa penseli, hao walipata hasara na karani akapata maumivu ya shingo.

SpeaMkononi

Mzee umenikumbusha mbali. Nilianzia kaunta ya spea za magari, kulikuwa na rida, ile mashine ya kusomea fishi, pale na kabati la fishi, kila modeli na seti yake. Mteja anakuja na bushi imekatika nusu, unavuta kile kitanda cha kioo, kioo kinajifungua chenyewe, unachomeka fishi, unasukuma tena ndani. Kitu cha kuchanganya ni kwamba ukisukuma kushoto picha inaenda kulia, mgeni anaweza kuzunguka dakika nzima anatafuta giaboksi anaishia kwenye taa za nyuma. Kona ya chini kulia ndio kuna faharasa, unaanzia pale inakuambia nenda F9, unaenda F9 unaona mchoro na namba ya spea. Kiwanda kikibadilisha namba wanatuma seti mpya ya zamani unatupa. Kwa vitabu wasingeweza, kile kitabu kimoja tu ni kizito.

Ila balbu! Ikiungua balbu kaunta nzima inasimama, tunaanza kupiga simu town nzima.

DogoWaServa

Sawa wazee nimewasikia na heshima ipo, ila hayo yote mliyoyataja PDF inafanya bure. Nakala ya pili ya PDF ni bure, posta ni bure, na unatafuta jina kwa sekunde bila kuzunguka giaboksi. Na msiseme filamu ndio salama, hao watu wa FamilySearch wa kule Utah, Marekani ndio wenye mikrofilamu nyingi kuliko karibu wote duniani, roli kama milioni 2.4 za vitabu vya vizazi na ndoa, Septemba 2017 waliacha kuazimisha roli kwa sababu hata filamu ya kutolea nakala imekuwa ghali, na 2021 wakamaliza kuzigeuza zote kuwa dijitali. Kama wao wameacha sisi saccos ya Ilala tunaanza?

MzeeWaTepu

Hiyo ni nondo dogo, nakubali. Lakini malizia stori, roli mama wamezitupa? Hawajazitupa, zipo ndani ya mlima wa graniti karibu na Salt Lake City. Walichoacha ni kusambaza kwa filamu. Kusambaza ni kazi ya kompyuta siku hizi, hapo sibishani na mtu. Kutunza kwa muda mrefu ni kazi nyingine. Wajerumani nao tangu 1975 wanaweka mikrofilamu za nyaraka zao kwenye mapipa ya chuma cha pua ndani ya handaki la Oberried karibu na Freiburg, na 2020 hawa GitHub, watu wa programu kabisa, wenzako, wamepeleka misimbo ya programu kwenye filamu kule visiwa vya Svalbard, Norway. Sababu ni moja, filamu unaisoma kwa taa na lenzi. Haiulizi nywila, haiulizi toleo, na mwizi wa mtandaoni hawezi kuifunga akudai bitikoini.

Njoro_wa_Ngara

Niaje wakuu. Huku Nairobi tumeishi na hii kitu. Nyaraka zetu za wakati wa mkoloni, zile ripoti za mwaka za wilaya na mikoa, zilipigwa filamu miaka ya 60 na seti iko Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani, msomi anakaa huko anasoma mambo ya Kitui na Kisii bila kupanda ndege. Halafu wewe Mkenya unaenda pale Kenya National Archives Moi Avenue, lile jengo lilikuwa benki zamani, unaomba ile ile.

Lakini Mhasibu hiyo si kesi yako bana. Hiyo ni kutunza historia. Wewe unataka kupunguza matumizi ya mwezi, si ndio? Kwani hao madepartment wakiambiwa wasome kwa skrini wanakataa nini?

Mhasibu_wa_Ilala

Wanakataa kwa sababu ya mkaguzi. Wanasema mkaguzi wa nje anataka karatasi, na mahakamani ukienda na kitu cha kompyuta unakataliwa. Hiyo ndiyo ngao yao kila mwaka.

Wakili_Msomi_Tz

Hiyo ngao imetoboka zamani ndugu yangu. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, ilirekebishwa 2007, tafsiri ya vitabu vya benki ikapanuliwa mpaka kutaja tepu za sumaku na mikrofilamu. Halafu 2015 ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, kumbukumbu ya kielektroniki haikataliwi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Ugomvi mahakamani siku hizi uko kwenye namna ulivyoitunza, nani alikuwa na uwezo wa kuigusa, na nani anasimama kuithibitisha. Sasa nyie mkiwa saccos hamuingii moja kwa moja kwenye kila kinachosemwa kuhusu benki, mkae na mwanasheria wenu.

Kwa waliotumia filamu kulikuwa na utaratibu mzuri, mwanzo wa roli wanapiga picha ya cheti kwamba mimi fulani leo tarehe fulani naanza kupiga jalada namba hii, na mwisho wa roli cheti kingine cha kufunga. Bila vile vyeti roli yako ni picha tu. Na kuhusu muda, kodi inataka kumbukumbu miaka 5 kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, kwa hiyo hizo printauti mlizokodia stoo za miaka kumi na kitu mjiulize nani aliwaambia muendelee kuzitunza. Msichome kabla ya kuuliza lakini.

BiMwana_wa_Shangani

Assalaam aleikum jamaani. Mie nipo Unguja, nimefanya kazi na nyaraka kwa muda, nataka niseme jambo moja ambalo wauza mashine hawalisemi. Hii filamu inayosifiwa kukaa miaka 500 ni ile ya plastiki ya poliesta yenye madini ya fedha, iliyosafishwa vizuri dawa ikatoka yote, ikawekwa pahala pasipozidi nyuzi 21 na unyevu usiozidi asilimia 50. Sasa pwani yetu hii unyevu unapanda hadi 80 na zaidi. Maana yake utaweka eisi usiku na mchana, umeme ukikatika joto linaingia, ukirudi maji yanatona juu ya makopo. Kuvu linaingia, unaikuta filamu ina utando na madoadoa.

Na zile za zamani za plastiki ya aseteti, walizotumia kabla poliesta haijashika, zinageuka siki. Ukifungua kopo harufu inakupiga usoni, filamu imejikunja haitaki kulala. Moja ikishaanza inaambukiza za jirani, lazima uzitenge. Diazo nayo haina madini ya fedha, ukiiacha kwenye mwanga inafifia, kazi yake ni kutumiwa ikachoka, si kuhifadhiwa. Basi ukipiga hesabu ya kuokoa stoo, weka na umeme wa eisi upande wa pili ndio ujue kama umeokoa.

Jengine, filamu ikiloa maji ya mafuriko usiianike. Iache ndani ya maji safi mpaka ifike kwa mtaalamu, ukiikausha mwenyewe inagandana na hutoibandua tena.

MzeeWaTepu

Bi Mwana umemaliza, ahsante sana. Sisi fishi tulizokuwa tunazichungulia kila siku zilikuwa diazo, mikwaruzo kila mahali, lakini wiki inayofuata inakuja seti mpya kwa hiyo nani anajali.

Mhasibu fanya hivi kabla hamjanunua kitu chochote, kiwe cha dalali au cha dogo. Juu ya kila boksifaili gundisha karatasi ya kusaini. Anayefungua anaandika jina, tarehe, alikuwa anatafuta nini. Acha ikae mzunguko mzima wa robo mwaka. Kule ng'ambo hivyo ndivyo walivyochagua ripoti zipi ziende kwenye filamu na zipi zibaki karatasi, hawakuanza na mashine.

Mhasibu_wa_Ilala

Wakuu nimerudi, samahanini kwa ukimya, nilikuwa nasubiri robo iishe.

Nilifanya alivyosema Mzee. Matokeo yamenifanya nione aibu kwa niaba ya ofisi nzima. Boksifaili za nakala ya meneja hakuna saini hata moja, juu kuna vumbi la kuandikia jina. Nakala ya idara ya mikopo ina saini lakini wote walikuwa wanatafuta kitu kile kile, salio la mwanachama mmoja aliyekuja dirishani, ambalo lipo kwenye mfumo ila karani mmoja hakupewa ruhusa ya kuliona tangu alipoajiriwa!! Yaani tunaprinti maelfu ya kurasa kwa sababu mtu wa IT hakubofya kitufe. Dogo usijisikie vibaya sio wewe.

Kilichonishangaza ni stoo ya nje. Huko ndiko watu walikofungua kwa dhati. Wastaafu. Mzee anakuja anadai makato yake ya zamani hayakufika, na mfumo wetu wa sasa haufiki huko nyuma, ushahidi pekee ni printauti zile pana zenye mistari ya kijani na matundu pembeni. Wino umefifia na mchwa wameanza kona moja.

Njoro_wa_Ngara

Hapo sasa umefika. Waulize wale wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilivunjika 1977 na miaka mingi baadaye bado watu wanafuatilia haki zao. Karatasi ya mshahara ya mtu wa reli ilikuwa dhahabu.

DogoWaServa

Sijisikii vibaya, ila huyo wa IT wenu afukuzwe haha. Mimi nasema hivi, za kila mwezi zimeni kabisa, mfumo utoe PDF moja, kila mwenye haki aione, nakala mbili sehemu mbili tofauti na moja isiwe mtandaoni. Hizo za wastaafu skanini kwanza zisomeke. Mkitaka baada ya hapo kuziandika kwenye filamu kutoka kwenye hizo skani inawezekana, kuna mashine za kugeuza picha za dijitali ziwe filamu ya milimita 16, na kuna kampuni za kazi hiyo, hamnunui mashine. Nimekubali mzee, kwa hizo tu.

MzeeWaTepu

Kwa hizo tu, ndio. Na mkiskani msitupe karatasi siku hiyo hiyo, kaeni mfungue ukurasa mmoja mmoja muone hakuna ulioruka. Maktaba kubwa za Marekani zilitupa magazeti yao baada ya kuyapiga filamu, baadaye wakakuta kurasa hazipo na nyingine hazisomeki.

Mhasibu_wa_Ilala

Nimeandika dokezo la bodi hivyo hivyo. Nakala zote za mwezi zinakufa kasoro moja ya mkaguzi mpaka naye tumuelewe, stoo ya nje tunabaki nayo kwa muda ila zinachambuliwa kwanza za zaidi ya miaka 5 zisizohusu makato, wakili anapitia orodha. Dalali tumemshukuru. Mjumbe amenuna kidogo.

SpeaMkononi

Huyo dalali nipe namba yake inbox basi. Nina boksi la fishi za Peugeot 504 nyumbani, nataka rida moja tu.

MzeeWaTepu

Kabla hujampa hela muulize lenzi ni ya mara ngapi. Angalia kichwa cha fishi zako, ile mistari ya juu inayosomeka kwa macho, mara nyingi wameandika 24x au 42x au 48x. Fishi ya 48 ukiiweka kwenye lenzi ya 24 herufi zinatoka nusu ya saizi, utasoma na miwani mbili. Na aiwashe mbele yako, balbu akusomee volti na wati zake uende Kariakoo ukatafute ya akiba kwanza. Ukiikosa achana nayo.

SpeaMkononi

Zangu zimeandikwa 24x. Nampigia sasa hivi.